Mguu Nilioukunja

Siki ikikutana na kitunguu saumu katika sufuria ya moto, mimi hukasirika. Si hasira ya kugombana na mtu. Ni ile ya kwenda kufunga dirisha kwa kishindo huku ukijua harufu imeshaingia na imeshakaa kitako. Jirani yangu wa chini hapa Mombasa hupika achari kila Jumamosi, na kila Jumamosi mimi hurudishwa nisikotaka: Jeddah, mtaa wa Bani Malik, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu ambao hawakuwa tayari kukubali kwamba mwanadamu anaweza kushiba.

Nilikuwa na miaka saba, au nilikuwa naielekea. Mimi na baba tulikuwa tukikaa Riyadh, Shumaisi. Baba ni Mswahili wa Mombasa, na wakati huo alikuwa fundi wa umeme katika hospitali moja. Mama yangu alikuwa Mfilipino, muuguzi wa hospitali hiyohiyo. Walioana hukohuko, akanizaa, kisha akafa kwa maradhi kabla sijajua kufunga vifungo vya nguo yangu mwenyewe. Cha kwake nilichokuwa nacho ni picha moja ya kitambulisho cha kazi, kakunja uso kama watu wote wanavyokunja uso kwenye vitambulisho. Baba hakumtaja. Ukimwuliza habari za mama, alikumbuka ghafla kwenda kuangalia kama bomba la jikoni limefungwa. Bomba lile lilifungwa mara nyingi sana utotoni mwangu.

Mchana nililelewa na Mama Zulfa, mke wa dereva mmoja, mtu wa Malindi, mlango wa pili kutoka kwetu. Alikuwa na roho safi na sauti kubwa. Akizungumza kwa simu, hata waliokuwa kwenye ngazi walipata habari za Malindi. Siku moja nilikuwa chini ya meza yake nikicheza na vifuniko vya chupa, nikamsikia.

"Aa, mimi naona ni bora jamaa za mamake wamchukue. Mwanamume peke yake na mtoto wa kike, mpaka lini? Na mkataba wenyewe ndio huo waisha. Hao jamaa wako Jeddah, na nasikia ni watu wazuri sana."

Nilibaki palepale chini ya meza mpaka aliponiita kula. Sikumwuliza kitu. Mtoto wa kwetu akisikia maneno ya wakubwa, hujifanya hakusikia, na mimi nilikuwa mtoto wa kwetu hasa.

Karibu na Idi, baba akaniambia, huku akijifanya anatafuta koleo lake, kwamba tutakwenda Jeddah.

"Kuna jamaa za mamako kule. Hawajakuona hata siku moja."

"Jamaa gani?"

"Kuna mama mmoja na mumewe. Bibi ya huyo mama na bibi ya mamako walikuwa mtu na dadake. Kwa hivyo kwako wewe ni mama mdogo. Na ndivyo utakavyomwita."

"Twenda kufanya nini?"

"Utaona tukifika."

Utaona tukifika. Nikiulizwa leo ni maneno gani ningeyafuta katika Kiswahili, nitaanza na hayo. Maana mimi nilikuwa najua mama mdogo ni nani. Zulfa, binti wa jirani yetu, alikuwa na rafiki aliyefiwa na mama yake, na nani aliyemchukua? Mama mdogo. Huyo si mtu wa kusalimiwa tu na kuagwa. Ni mama anayesubiri zamu yake. Nikaamua, kwa akili ya miaka saba, kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwangu. Nikimwita mama, basi nimekubali.

Baba akanipeleka Al-Dirah, kwenye maduka ya mjini kati, akaninunulia gauni jipya, viatu vipya na soksi zenye ukingo wa lasi. Kisha akanunua kopo kubwa la tende la kupeleka kwa wenyeji. "Mkono mtupu haulambwi," alisema, akilipa. Mimi nilikuwa natazama gauni. Idi zilizopita nilinunuliwa gauni tu, au viatu tu. Mwaka ule kila kitu kwa pamoja, kama bidhaa inayopelekwa kwa mteja. Nilianza kulia pale dukani, na baba akadhani viatu vinanibana.

Basi la kwenda Jeddah lilichukua siku nzima ya jangwa. Baba alilala kinywa wazi. Mimi nilikaa nikijipangia jambo.

Hapa lazima nieleze jambo moja ambalo waliokulia nyumbani hawatalijua. Katika nyumba za wageni kule, watoto hujua habari za ikama kabla ya kujua kusoma. Ikama ndiyo karatasi inayokuruhusu kukaa nchini, na kafili ndiye anayekumiliki kikazi, ambaye bila yeye huendi wala hurudi. Mazungumzo yote ya wakubwa yalikuwa hayo: fulani kabadili kafili, fulani kafili wake kamkatalia. Na mimi nilikuwa najua jinsi mtu anavyotolewa ikama, kwa mpangilio wake. Kwanza unapimwa afya. Kisha unapigwa picha. Kisha unabonyeza vidole kwenye kioo cha mashine, wachukue alama zako. Niliwahi kwenda na baba, na mashine ikavikataa vidole vyake, kwa sababu nyaya na dawa za kusafishia zilikuwa zimevila. Yule ofisa akamwambia, "Mafi, mafi! Yalla, bukra," yaani hakuna kitu hapo, rudi kesho. Baba akarudi nyumbani vilevile alivyotoka. Somo hilo lilinikaa: alama ikiharibika, jambo halifanyiki.

Tulipofika Bani Malik, mlango ulifunguka kabla hatujabisha. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye uso wa mviringo, alinitazama, akaweka mkono kinywani, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Huyo ndiye Cora. Alikuwa fundi wa kushona katika duka la mabaibui, na mumewe, Ben, alikuwa mpishi wa kampuni moja. Wakatutaka tuwaite Tita Cora na Tito Ben, kama wanavyoitana kwao. Baba akanisukuma mgongoni. "Mwamkie mama mdogo."

Nikaubana mdomo, nikatazama viatu vyangu vipya. Tita Cora hakujali. Alinyoosha mkono, nami nikainama kuubusu, kama tunavyowabusu wakubwa wetu mkono. Lakini yeye akaugeuza, akaniwekea kiganja kwa upande wa nyuma kwenye paji la uso, akausimamisha hapo. Tito Ben naye akafanya hivyohivyo. Siku hizi najua ni heshima yao, ndivyo mtoto anavyoomba radhi kwa mkubwa. Siku ile nilijua kitu kimoja tu: wananipima homa. Tumeanza na afya.

Kisha chakula. Sijui niseme nini kuhusu chakula kile nisionekane mchoyo wa shukrani. Meza ilikuwa imefunikwa yote. Wali, tambi, samaki mzima, maandazi madogo ya nyama, na katikati sufuria ya kuku mweusi wa siki na kitunguu saumu, na majani makavu yakielea juu. "Kain!" alisema Tita Cora, maana yake kula. Neno hilo alilisema kila alipopita. Alilisema kabla ya salamu na baada ya salamu, akiwa jikoni na akiwa bafuni. Wasichana waliopanga chumba cha pili, Wafilipino wenzao, walirudi kazini wakalisema wao pia.

Mpango wangu ulikuwa rahisi: niwe mgeni mbaya, wasinitake. Nikasusa. Nilikaa mbele ya sahani mikono imefungwa. Tita Cora akatazama sahani, akatazama uso wangu, akaenda jikoni akakaanga mayai. Nikasusa mayai. Akakaanga viazi. Nikasusa viazi, Tito Ben akavaa viatu akateremka kuninunulia kuku wa dukani. Kesho yake nikageuza mbinu, nikala kila kilichowekwa haraka haraka nipate kuondoka mezani. Sahani ikajazwa tena kabla sijameza. Ukila wanaongeza, usipokula wanabadilisha. Utafanyaje na watu kama hao?

Nikajaribu matusi. Nikamtazama Tita Cora usoni, nikatabasamu, nikasema kwa Kiswahili, "Nyumba yenu yanuka."

Baba akakohoa mkohoo wa mtu aliyepaliwa. Tita Cora akamwuliza kwa Kiingereza mtoto amesema nini.

"Asema ahsante sana," baba akajibu. Kisha, kwa Kiswahili, meno yamebanana: "Wewe! Nshakwambia usinitie haya mbele za watu. Ngoja turudi."

Turudi. Nililisikia neno hilo, nikapata tumaini kidogo, kisha nikajiuliza: turudi nani na nani?

Lililonikera kuliko yote si wao. Ni ulimi wangu. Yule kuku wa siki, nilipomwonja mara ya kwanza, kinywa changu kilimjua. Mimi sikumjua, lakini kinywa kilimjua, kama mguu unavyojua kidato kilichovunjika cha ngazi ya kwenu. Nikashika kijiko hewani. Kwetu hakuna aliyewahi kupika kitu kile, Mama Zulfa hakuwahi, baba hakuwahi. Basi ni nani aliyenilisha? Nilitaka kuuliza. Mungu ndiye anayejua nilivyotaka. Nilijua Kiingereza cha shule cha kutosha kuuliza swali moja: mama yangu alikuwa akipika hivi? Nikafungua mdomo, Tita Cora akaona mdomo umefunguka, akatia kijiko kingine. "Kain, anak," akasema. Kula, mwanangu.

Neno hilo mwanangu likanifunga. Nikimwuliza habari za mama, nilifikiri, nitakuwa nimekaa kitako katika nyumba yake. Nikameza wali na swali pamoja. Nina hasira mpaka leo. Nina hasira na kijiko kile, na baba aliyekuwa amekaa pale akila kwa utulivu, na desturi zetu zote mbili, ya kwao inayomlisha mtoto badala ya kumsikiliza na ya kwetu inayomfundisha mtoto kutouliza. Kati ya hizo mbili mimi sikupata jibu.

Wema wao haukuwa na mlango wa kutokea. Walitupa kitanda chao, wakalala sakafuni sebuleni. Tita Cora alifua nguo zangu zote bila kuambiwa, hata safi. Tito Ben aliazima gari la rafiki yake ili tukatembee ufukweni, na huko ndiko ilikotolewa simu ya kupigia picha. Nilikuwa naisubiri. Afya, kisha picha. Kila simu ilipoinuliwa nilifumba macho, au nilitoa ulimi, au niligeuka kabisa nikawaonyesha kisogo. Wakacheka. Wakasema nina vituko. Wakaendelea kupiga.

Kisha, usiku wake ukapita na asubuhi ikafika, likaja la tatu.

Pembeni mwa sebule kulikuwa na sanduku kubwa la katoni, refu kunizidi. Siku zote tulizokaa nilikuwa nalipima kwa macho, maana lingenitosha bila shida. Ndani walikuwa wakipanga sabuni, makopo ya nyama, mataulo, losheni, chokoleti. Nilimwuliza Tito Ben linakwenda wapi, akafungua mikono kwa fahari, "Pilipinas!" Kwao, nyumbani kwa akina mama. Asubuhi ile Tita Cora akakata kipande cha katoni, akapiga magoti mbele yangu, akanivua soksi ya lasi ya mguu wa kushoto, akauweka mguu wangu juu ya kile kipande. Mkononi ana kalamu.

Alama. Hawa hawachukui vidole vya mkono, wanachukua vya mguu, na inatiwa sandukuni inapelekwa kwao kwenye ofisi, ikirudi imekubaliwa mimi ni wao, halas, imekwisha.

Nikakunja vidole. Nilivikunja kwa nguvu zangu zote, nikavificha chini ya wayo, mguu ukawa kifundo. Tita Cora akanitekenya. Sikulegeza. Akasema maneno ya kubembeleza, akanipapasa kisigino, akanipa chokoleti. Nikaila na sikulegeza. Mwisho akaamini labda ndivyo mguu wangu ulivyo. Akazungusha kalamu taratibu, akaandika jina langu katikati, akakiinua kile kipande, akakibusu. Baba alikuwa kwenye kochi.

"Baba, anafanya nini?"

"Sijui, achezea tu," akasema, akabadilisha chaneli.

Siku ya kuondoka Tita Cora aliamka alfajiri kufungasha. Vyombo vya plastiki vilijipanga mezani: kuku wa siki, tambi, maandazi, wali. Kwetu pia mgeni hufungiwa chakula, lakini si chakula cha kulisha basi zima. Mimi nilikuwa natazama mlangoni. Pale mlangoni palikuwa na begi la baba. La kwangu halikuwapo. Nilikwenda chumbani, halikuwapo. Nikaenda kwenye kamba ya nguo, gauni langu lilikuwa bado linaning'inia.

Basi. Nikamrukia baba miguuni, nikamng'ang'ania suruali, nikapiga mayowe ambayo hata leo nikiyakumbuka naona haya. Sikusema maneno. Nilipiga mayowe tu, uso nimeuficha kwenye goti lake.

Na wao, watu wale, wakaanza kulia! Tita Cora akapiga magoti akanikumbatia kwa nyuma, machozi yakaniingia shingoni. Wasichana wa chumba cha pili wakatoka wanapangusa macho. Tito Ben akageukia ukuta.

"Ona," Tita Cora akamwambia baba kwa Kiingereza chake cha kukatika, "hataki kutuacha. Damu inajua. Siku chache tu, na damu inajua."

Kisha Tito Ben akatoka jikoni na begi langu. Walikuwa wameliweka huko walijaze vyakula.

Ndani ya basi nililishikilia begi langu mapajani mpaka Taif. Baada ya Taif nikafungua chombo cha kwanza, nikala kuku kwa mkono, nikafungua cha pili. Nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Harufu ya siki ikajaa basini, watu wakageuka.

"Kule mbona hukula?" baba akauliza.

"Nilidhani wataka kuniacha."

Akanitazama kweli, nadhani kwa mara ya kwanza safari ile. "Nani kakwambia nitakuacha?"

"Hakuna aliyeniambia kitu!"

"Sasa kama hakuna aliyekwambia, ulijuaje?"

Akaona amemaliza mambo. Mkataba wake ulikuwa unaisha kweli. Alitaka tu jamaa za mama wanione kabla hatujarudi Mombasa, basi. Sentensi moja. Angeisema Shumaisi, wakati anatafuta koleo, na mimi ningekuwa na kumbukumbu nyingine. Nilimwambia hivyo nilipokuwa mkubwa. Alisema watoto wa siku hizi hupenda kuelezwa.

Tuliporudi Mombasa, simu yake iliibwa, na namba za Jeddah zikaenda nayo. Hakuhangaika kuzitafuta. Mimi nilikua, nikasoma, nikapata kazi, nikapanga nyumba yangu. Baba alipozeeka nikamchukua tukakaa pamoja. Jeddah ikabaki harufu ya Jumamosi tu.

Hivi karibuni Tita Cora akanipata mtandaoni, kwa jina la baba. Alikuwa amesharudi kwao. Ujumbe wake wa kwanza haukuuliza niko wapi wala nimeolewa. Uliuliza, umekula? Wa pili uliniambia kwamba bibi yangu mzaa mama amefariki, na kuna kitu alichoacha, nitume anwani. Mimi hata sikuwa najua kwamba bibi huyo alikuwa hai miaka yote hiyo. Sikuwahi kuambiwa.

Lilikuja sanduku la katoni, limezungushwa utepe wa gundi mpaka limekuwa gumu kama ubao. Ndani zilikuwemo champali. Champali za kusukwa kwa nyuzi za mgomba, nyayo zimeshonwa kwa uzi wa rangi, kila jozi imefungwa utepe. Ndogo za mtoto zilikuwa juu; kadiri nilivyochimba zilikuwa kubwa kidogo, na kubwa kidogo. Zilifunika sakafu ya sebule. Chini kabisa palikuwa na picha ya ukuta wa nyumba yao, uliotundikwa picha za jamaa. Mama yangu yuko hapo, msichana, anacheka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake. Kando yake ni picha ya kisogo changu pale ufukweni. Na kando ya kisogo, kipande cha katoni chenye jina langu.

Nikafungua ujumbe wa sauti. Sauti ya Tita Cora ilikuwa imezeeka.

"Anak, ule mguu nilimpelekea Lola, bibi yako. Hakuweza kusafiri, na wewe ulikuwa huwezi kwenda kwake, basi nikamwambia, walau aujue mguu wako. Alikuwa akisuka champali, ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila siku yako ya kuzaliwa alikusukia jozi, akiongeza kidogo kwa kukisia. Siku aliyoupokea alifurahi, hujui alivyofurahi! Alisema, mtazameni, ana mguu mdogo kama wa mama yake. Kila aliyeingia nyumbani alionyeshwa. Mguu wa mama yake kabisa."

Mguu wangu ni wa baba. Ni mpana, mrefu, wenye kidole cha pili kilichopita cha kwanza, mguu wa kununuliwa viatu upande wa wanaume. Nilichukua jozi ya mwisho, kubwa kuliko zote, aliyoisuka mwaka aliokufa. Kisigino chote kilibaki nje. Nikasukuma. Nikasukuma tena, mpaka uzi mmoja ukalia, nikaacha. Nilikaa sakafuni katikati ya champali zile zote, hakuna hata moja iliyowahi kuwa yangu, siku yoyote, umri wowote.

"Baba," nikaita. "Njoo uone."

Alikuja na mkongojo wake. Alizitazama champali, akaitazama picha ya mama anayecheka, akaitazama kwa muda mrefu. Nikasubiri. Nilimsubiri kama nilivyomsubiri maisha yangu yote.

"Hilo bomba," akasema, "nadhani halikufungwa vizuri." Akaenda jikoni. Sikusikia maji. Nilimsikia amesimama tu huko.

Simu ikalia tena. Zimekutosha? Vaa upige picha, nataka kukuona. Nilivaa ile jozi kubwa, nikasimama kwa ncha za miguu, nikashusha pindo la dera likafunika visigino, nikapiga picha kutoka juu. Zilionekana kama zimenitosha. Nikatuma. Tita Cora akajibu kwa mioyo na machozi, msururu mzima. Kisha akauliza lile swali lake.

Umekula?

Dirishani ilikuwa inaingia siki ya jirani. Sikwenda kufunga. Nilikaa na simu mkononi, champali zikinibana, kisha nikamwandikia kwa Kiswahili, ambacho hakijui.

Bado, mama mdogo. Mama alikuwa akinipikia yule kuku?